Alinisomea majibu yetu sote wawili, nami sikuona kitu

Shikamoo Somo,

Barua hii naiandika kwa simu yangu na vidole vyangu mwenyewe, kwa hiyo ukikuta herufi zimegongana unisamehe. Nina miaka 27, mzaliwa wa Tanga, naishi Dar es Salaam kwa dada yangu mkubwa. Surua iliniachia upofu nikiwa na miaka saba. Nimesoma, nina kazi ya kupokea simu katika ofisi moja, na kwa fimbo yangu nyeupe napanda mwendokasi asubuhi na jioni bila kushikwa mkono. Nayasema haya mapema usije ukaanza kunionea huruma kabla hujafika kwenye shida yenyewe.

Nimechumbiwa. Mwenzangu anaona, ni mtu mpole na mwenye subira, na ndoa tumeipanga Mfungo Mosi. Mwezi uliopita alikuja na vipimo viwili vya kujipima VVU, vile vya mate. Dada alikuwa ametoka. Akanisomea maelekezo, nikajipangusa ufizi mwenyewe, nikatumbukiza kijiti kwenye kichupa, tukasubiri. Baadaye akasema, "Muda umetimia. Wote wawili tuko salama." Akacheka, akanishika mkono, nami nikacheka. Vipimo akavifunga kwenye mfuko akaenda kuvitupa.

Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikajiuliza: nimejuaje? Mtu ameniambia tu. Wallahi sina sababu ya kumshuku. Lakini nikifikiria kumwambia turudie, naona kama ninamwita mwongo. Nikinyamaza, najiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikaamua kutafuta mambo haya mwenyewe mtandaoni. Simu yangu ina TalkBack, inanisomea. Somo, ungesikia ninayoyasikia mimi! Unafungua ukurasa wa afya ya uzazi, simu inasema "picha", "picha", "kitufe", "picha". Video nyingine ni muziki mwanzo mwisho, maneno yote yameandikwa kwenye picha. Kijitabu kimoja nilikipakua kwa bando langu, kumbe kila ukurasa ni picha ya karatasi, simu haioni hata herufi moja. Nilitaka kujua kondomu ya kike inavyovaliwa. Nikapata ukurasa mzuri wa Kiswahili, unakwenda vizuri, mara: "Sasa ingiza kama inavyoonekana kwenye picha namba 4." Kisha simu ikasema "picha", ikanyamaza.

Nilikumbuka shule. Vitabu vyetu vya nukta nundu vikifika kwenye mchoro viliandika "mchoro umeachwa". Kwenye somo la baiolojia, mada ya uzazi, karibu yote iliachwa.

Nikamwomba dada anisomee. Alianza, sauti ikapungua, nikasikia anaruka mistari, mwisho akasema, "Haya mengine utamuuliza mumeo." Kesho yake mama alinipigia kutoka Tanga kuniuliza mbona naangalia mambo machafu kwenye simu. Tangu siku hiyo dada hataki niende kituo cha afya bila yeye, na tukifika anaingia na mimi hadi ndani. Nesi anamuuliza yeye, "Anasumbuliwa na nini?"

Nilipomsimulia mchumba, akasema, "Usijali, mimi nitakuwa macho yako." Maneno matamu. Lakini binamu zangu wote walichezwa unyago, mimi siku hiyo niliachwa nyumbani na bibi kushika watoto. Nilisikia ngoma kwa mbali. Sasa nakwenda kwenye ndoa nikijua yale tu ambayo watu wamekubali kunisomea.

Nifanye nini, Somo? Nimwambie turudie kipimo, au nimwamini? Na dada je, ambaye nalala kwake?

Mimi msomaji wako, Dar es Salaam

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Huruma sikukuonea, ila nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekasirika kidogo. Hasira yenyewe haikumhusu mchumba wako wala dada yako, nitaieleza mbele.

Unaniuliza umwamini mwenzako au la. Nikiigeuza barua yako huku na huku naona jambo jingine limejificha chini ya hilo: habari za mwili wako zimekuwa zikiwafikia watu wengine kwanza, wewe unaletewa zilizobaki. Nesi anamwambia dada, dada anamwambia mama, mchumba anaona majibu ya vipimo viwili, wewe huoni hata moja. Kwa hiyo tusianze na uaminifu wake. Tuanze na kile kipimo.

Kile kidirisha kina herufi C na T. Mstari ukitokea kwenye C peke yake, maana yake kipimo hakijaona VVU. Ikitokea mistari miwili, ni dalili ya maambukizi, na hapo lazima mtu aende kituo cha afya kuthibitisha, kwa sababu kipimo cha mate peke yake hakimpi mtu jibu la mwisho. Pasipotokea mstari kwenye C, kipimo kimeharibika. Na majibu yanasomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, ukipitiliza, hayategemewi. Sasa mstari wenyewe ni rangi tu, iko bapa, haipapasiki. Mwaka 2019 Bunge lilipobadili sheria na kuruhusu watu kujipima, wengi tulifurahi kwamba sasa mtu atajua hali yake faraghani, na kweli ni hatua kubwa. Kumbe faragha hiyo ilikatwa kwa kipimo cha mwenye macho. Asiyeona, ili ajipime mwenyewe, lazima amwite mtu wa pili.

Ukilitazama hivyo, je, bado kuomba kurudia ni kumwita mwongo? Yeye aliangalia cha kwake, akaangalia na cha kwako. Hakuna aliyemwambia, "Mbona unaangalia, huniamini?" Unachokitaka wewe ni kile alichokwisha kukipata yeye siku ileile. Huenda hata hajawahi kufikiria kwamba wewe hukupata. Wanaoona tuna ugonjwa huo, tukishaona sisi tunadhani nyumba nzima imeona.

Tena kuna jambo ambalo hata macho mazuri yasingelisaidia. Mtu akiambukizwa leo, kipimo hakimwoni leo wala kesho. Ndiyo maana huambiwa arudie baada ya miezi mitatu. Inawezekana alikusomea sawasawa kabisa, na bado jibu halijakamilika. Kwa hiyo unayo njia ya kulileta jambo bila kugusa ukweli wa mtu: "Nimesoma kwamba hupimwa tena, na safari hii nataka niambiwe na mtoa huduma mwenyewe." Misikiti na makanisa mengi huwataka wachumba wapime kabla ya ndoa, basi mlango upo wazi. Hatari ya mlango huo ni kwamba utapita ukiwa umelificha lile lililokunyima usingizi. Mtapima, mtarudi, na yeye atabaki hajui kwamba usiku ule hukulala.

Unaweza pia kumwambia moja kwa moja. Mtu mpole mara nyingi husikia. Lakini sikufichi, anaweza kuumia, anaweza kukaa kimya siku mbili, na wewe ndiye utakayezihesabu. Unaweza kwenda peke yako, na hapo utajua la kwako bila shahidi, ila la kwake litabaki kwenye neno lake. Mkienda pamoja, mwombe mtoa huduma awaite mmojammoja kwanza, kisha mkubaliane kuambizana mbele yake. Kunyamaza nako ni uamuzi, sitakudharau ukiuchagua. Nakuomba tu ujiulize kama utaweza kunyamaza hivyohivyo siku atakapokusomea karatasi ya kliniki ukiwa mjamzito.

Utasikia pia kuna programu za simu zinazosoma vitu kwa kamera. Be My Eyes, iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, mwaka 2015 ilianza kuwaunganisha wasioona na watu wa kujitolea kwa video, na sasa ina hata akili bandia ya kueleza picha. Kwa kujua kama maziwa yamepita tarehe, tumia kwa amani. Kwa kipimo cha VVU ningesita. Upande mmoja umemwonyesha mgeni siri yako, upande wa pili umeiachia mashine ihukumu mstari mwembamba uliofifia.

Maneno ya mwenzako, "nitakuwa macho yako", sitaki kuyatia doa, huenda yalimtoka moyoni. Ila wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijui wangesemaje juu ya macho ya kuazima. Macho hayo yatasafiri kikazi. Siku nyingine yatakuwa yamenuna. Mnaweza kuongea mapema, kwa utani hata, ni mambo gani utapenda akusomee na yapi utapenda ayaache.

Sasa dada. Umemsikia akiruka mistari, ukaona anakuficha. Yawezekana. Lakini fikiria alipokaa. Kwetu mwambao, dada mkubwa hakai na mdogo wake akamsomea habari za uke. Mama naye hasemi. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi, au ya somo na kungwi, watu waliowekwa ili heshima ya nyumba isivunjike. Ulimpa dada kazi ambayo mila ilimkataza, akaifanya nusu, akatishika, akakimbilia kwa mama. Na yeye alifundishwa na nani, unajua? Wapo waliochezwa wakatoka na mafumbo tu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ndani ya unyago hapakuwa na picha hata moja, mwanangu. Mwali alipovunja ungo alifundishwa kwa ngoma na nyimbo, na kwa mikono hasa: kitambaa cha hedhi kilifungwa akishika, kiuno kilifunzwa kwa kushikwa kiuno, na maswali yaliulizwa gizani. Kama kuna darasa ambalo msichana asiyeona angekaa sawa na wenziwe, ni lile. Ukaachwa kushika watoto, kwa sababu mtu mzima mmoja alikwisha kuamua moyoni kwamba huyu hataolewa. Halafu ukaja mtandao, ambao kwa maandishi yake ungekufaa kuliko darasa lolote, ukajazwa picha zisizosema.

Na si kazi ngumu kuzifanya ziseme. Mwenye ukurasa anapopandisha picha kuna sehemu ya kuandika maelezo yake, sentensi moja au mbili, ambayo haionekani kwa wanaoona lakini simu yako inaisoma. Kitufe nacho hupewa jina. Miongozo ya kimataifa ya mambo haya ipo tangu 1999. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 25 unataja afya ya uzazi kwa jina lake. Kwa hiyo ukilalamika huombi hisani.

Hata palipoandikwa vizuri, mara nyingi mwandishi amefikiria macho. Tunaambiwa uchafu wa ukeni ukiwa wa njano au kijani nenda hospitali. Wewe rangi utaitoa wapi? Unazo dalili zako: harufu iliyobadilika, muwasho, majimaji yaliyozidi au yaliyoganda kama mtindi, maumivu wakati wa kukojoa au chini ya kitovu. Unyevu usio wa kawaida nje ya siku zako, ambao huna hakika kama ni damu, usiukisie, nenda kaulize. Mikono si kitu cha kudharau. Huko Ujerumani daktari mmoja wa wanawake, Frank Hoffmann, alianzisha mafunzo ya wanawake wasioona wapapase matiti ya wagonjwa kutafuta uvimbe, kwa kuwa vidole vyao vimezoea kusoma.

Uzazi wa mpango hukuuliza, lakini unakwenda kwenye ndoa, nitagusa kidogo. Vidonge vya majira vya pakiti ya 28 mara nyingi huwa na 21 vyenye dawa na 7 visivyo na homoni, na kwa kidole vinaweza kufanana kabisa. Mwombe mtoa huduma akuweke kidole juu ya kidonge cha kwanza na akuonyeshe mstari unakoelekea, kisha ukate kona ya pakiti iwe alama. Kitundu kilichokwisha kufunguka utakipapasa. Kijiti hukaa chini ya ngozi ya mkono, urefu wake kama njiti ya kiberiti, na unakigusa mwenyewe kujua kipo. Hufanya kazi miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Sindano ni kila miezi mitatu, hiyo inataka kalenda tu. Kati ya njia hizi zote ni kondomu peke yake inayokukinga na VVU, na tarehe ya mwisho ya matumizi uliza palepale unaponunua, kwa sababu haikuandikwa kwa nukta nundu.

Kwa simu yako: nenda kwenye mipangilio ya sauti uone kama umechagua Kiswahili. Wengi simu zao husoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, neno "uke" linatoka kama mtu anapiga chafya. Injini ya eSpeak ina Kiswahili, sauti yake kavu lakini inaeleweka. Katika menyu ya TalkBack kuna chaguo la kuficha skrini, simu inaendelea kusoma huku kioo kimezimika, hivyo anayeketi nyuma yako kwenye mwendokasi hasomi begani. Vaa kisikilizio sikio moja, la pili liache kwa ajili ya barabara. Na ukichoka na "picha, picha", piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Huko watu wanaongea.

Kituo cha afya sasa. Nesi akimuuliza dada "anasumbuliwa na nini", jibu wewe, kabla dada hajafungua mdomo: "Mimi ndiye mgonjwa, niulize mimi." Kisha mwombe dada akusubiri nje. Ukimwambia kwa mara ya kwanza palepale mlangoni ataona umemdhalilisha mbele ya watu. Ukimwambia nyumbani siku moja kabla, pengine akiwa anasuka nywele zako au mnachambua mchele, ana muda wa kununa na kurudi. Unaweza kuanza na shukrani, kwa sababu kweli amekubeba miaka mingi, kisha ukampumzisha: "Yale mambo ya siku ile nimepata pa kuyasoma, sitakusumbua tena." Huenda akapumua. Huenda pia akaona hatakiwi tena, na wewe bado unalala kwake, hilo nalo lipime. Kama bibi yupo hai na ana nguvu, mimi ningempigia bibi kabla ya mama. Yule aliyebaki nawe nyumbani siku ya ngoma huenda ana lake la kusema juu ya siku hiyo.

Nimeutafuta ule ukurasa ulionitajia nikaufungua. Picha namba 4 inaonyesha hivi. Mwanamke amechuchumaa, magoti yameachana. Kwa mkono mmoja ameibana pete ya ndani, ile iliyo upande uliozibwa, kati ya kidole gumba na cha kati, mpaka imekuwa nyembamba kama namba nane. Mkono wa pili unafungua midomo ya uke. Pete iliyobanwa inaingizwa kuelekea juu na nyuma, si wima. Ikishaingia, kidole cha shahada kinaingia ndani ya kondomu na kuisukuma pete mpaka inapita nyuma ya mfupa wa kinena, na hapo haisikiki tena. Kidole kinatoka taratibu, kondomu haijajisokota. Pete kubwa ya nje imebaki nje, imelala juu ya midomo ya uke. Pembeni pana mshale mwekundu, unaonyesha juu. Mchoro mzima ni huo.